Mita 15 mbele ya skuli

Unajua wakati wa hatari zaidi kwa skuli yenye mikondo miwili? Ni pale mchana, wa asubuhi wanapotoka na wa jioni wanapoingia. Ukitoka vichochoroni Mji Mkongwe, ambako gari halipiti, ghafla unajikuta kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa (wazee bado wanaiita Creek Road), magari yanakwenda na kurudi. Mdogo wako wa darasa la pili hajui kupima mwendo wa gari. Akiona upande wa pili kuna malai, anakimbia tu!

Tupige hesabu kidogo. Dereva akiona mtoto, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gari limeshakwenda mita 8, kisha breki inachukua kama mita 5 barabara ikiwa kavu. Jumla 13. Mtoto aliyeko mita 15 mbele anapona. Kwa kilomita 50, sekunde ile peke yake inakula mita 14! Yaani gari linamfikia mtoto breki ndiyo kwanza zinaanza kushika. Wakati wa masika ni mbaya zaidi.

Ndiyo maana Azimio la Stockholm la 2020 lilitaka kilomita 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29, kupita ugonjwa wowote.

Sasa nani awabane madereva? Kibao peke yake, wallahi, ni pambo. Trafiki wakija na tochi, madereva wanapeana ishara za taa, wote wanakuwa wapole mpaka tochi iondoke. Tuta haliondoki. Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, vivuko na njia za miguu kwenye maeneo ya skuli, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Hapa kwetu polisi ni wa Muungano, lakini usafiri wa barabarani una sheria ya Zanzibar, Namba 7 ya 2003. Kwa hiyo ombi la tuta lianzie kwa sheha na diwani wenu, wao walifikishe baraza la manispaa na wizara ya ujenzi. Polisi waombeni kusimamia mwendo.

Msiende mikono mitupu. Pimeni mita 50 kando ya barabara, mkiwa na mwalimu, mbali na magari. Mmoja ashike saa. Gari la kilomita 30 linapita kwa sekunde 6, la kilomita 50 kwa sekunde 3 na nusu hivi. Andikeni magari 100 ya wakati wa kutoka skuli, msiandike namba za gari, kisha mhesabu mangapi yamepita chini ya sekunde 6. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea sheha.