Vidokezo vya kumsoma Patti Smith

Wengi wanamjua kama mwimbaji wa roki. Lakini Patti Smith alianza na mashairi, gitaa likamkuta humo, na vitabu vyake vimenifaa kuliko hata albamu zake. Kama hujawahi kumsoma, pitia njia hii.

1. Anza na Just Kids. Kilitoka mwaka 2010 na kikashinda Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani. Kinasimulia maisha yake New York na mpiga picha Robert Mapplethorpe, wakiwa vijana wasio na mbele wala nyuma. Kuna mahali wana pesa ya tiketi moja tu ya makumbusho: mmoja anaingia, mwenzake anabaki nje akisubiri kusimuliwa alichokiona. Mapplethorpe alifariki mwaka 1989, na Smith alikuwa amemwahidi kwamba ataiandika hadithi yao. Usikisome haraka.

2. Mashairi yake yasome kwa sauti. Februari 1971, katika kanisa la St. Mark's, New York, aliyasoma mbele ya watu huku Lenny Kaye akimpigia gitaa la umeme. Miaka minne baadaye ikaja albamu ya Horses, na wimbo wake wa kwanza kabisa unafunguliwa na maneno ya shairi lake mwenyewe. Ukiyasoma kimyakimya, nusu ya utamu unaikosa.

3. Usihesabu mizani wala kusaka vina. Aliyekwisha kuisoma Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, hatapata taabu. Fuata pumzi: analirudia neno, kasi inapanda, kisha anakata ghafla.

4. Msome Rimbaud, japo kurasa chache. Smith alimpenda mshairi huyo Mfaransa tangu ujanani, na anamtaja kila mara.

5. M Train (2015) kiwekee siku isiyo na haraka. Ni kahawa, meza ileile ya mkahawa, koti lililopotea, na majonzi ya kumpoteza mumewe, Fred, aliyefariki mwaka 1994. Anayetaka visa vya jukwaani atachoka mapema. Mimi nakiweka juu ya vyote, kwa sababu ni nadra mwandishi kuuandika upweke bila kuomba huruma.

6. Kitabu cha The Coral Sea, alichomwandikia Mapplethorpe, kina rekodi pia: Smith anasoma, Kevin Shields anapiga gitaa. Itafute ukishamaliza Just Kids, si kabla.