Kuandaa Sheria za Mpakani kwa Mtandao: Mwongozo kwa Makarani wa Busia na Malaba

Mwongozo huu ni wa makarani wa bunge la kaunti, wahudumu wa masjala za mahakama, wasaidizi wa mawakili na wenye saiba wanaopewa kazi ya kuandaa sheria na hukumu zisomwe mtandaoni. Msomaji wa kukumbukwa ni mchuuzi wa mayai au wakala wa forodha aliyesimama mpakani, simu mkononi, akitafuta ada yake katika jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti. Akikuta kurasa zilizopigwa skani kombo, hawezi kutafuta neno wala kusoma tarakimu vizuri, na atalipa atakachoambiwa.

Chanzo ndicho cha kwanza. Ibara ya 199 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema sheria ya kaunti haianzi kutumika mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Kwa hiyo nakala ya kufuatwa ni ya gazetini, hata kama mswada uliobaki kwenye kompyuta ya ofisi unapendeza zaidi macho. Mswada unaweza kupunguza kazi ya kupiga chapa, lakini ulinganishwe na gazeti neno kwa neno, maana marekebisho ya kamati mara nyingi hayamo. Kosa la tahajia lililochapishwa gazetini libaki lilivyo. Mpiga chapa hana mamlaka ya kurekebisha sheria.

Juu ya hati ziwekwe tarehe tatu: ya gavana kutia saini, ya kuchapishwa na ya kuanza kutumika. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaagiza uchapishaji ndani ya siku 7 baada ya saini, na sheria huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja tarehe nyingine. Mfanyabiashara anayebishana na mkusanya ushuru anahitaji hiyo tarehe ya tatu kuliko nembo ya kaunti.

Sasa alama za muundo wa hati. Wengi hutengeneza kichwa cha kifungu kwa herufi nzito na kubwa. Jicho huelewa, kompyuta huona maandishi manene tu. Kila sehemu, kifungu, kifungu kidogo, aya na jedwali lipewe mtindo wake katika programu ya kuandikia, na mtindo huo usitumiwe kwa kitu kingine. Namba ziandikwe kwa mkono. Namba za kujipanga zenyewe ni hatari hapa: kifungu cha 14 kikifutwa, programu hukigeuza cha 15 kuwa cha 14, na marejeo yote yanaharibika. Sheria hailazimiki kuhesabu kwa mfululizo, ndiyo maana kuna 14A.

Hati iliyopangwa hivyo huhamishwa kwa urahisi kwenye Akoma Ntoso, mfumo wa alama uliozaliwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, na ambao mwaka 2018 shirika la OASIS liliupitisha kuwa kiwango cha kimataifa. Tovuti ya Kenya Law na ile ya ULII ya Uganda zote zinautumia, jambo lenye faida kubwa kwa miji ambayo kesi moja inaweza kugusa sheria za pande mbili pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004.

Katika marejeo, namba na mwaka visikosekane. Sheria ya Serikali za Kaunti ni Na. 17 ya 2012, na anwani yake katika mfumo wa Akoma Ntoso ni /akn/ke/act/2012/17. Siku hizi pia huitwa Sura ya 265. Sura huhama: Uganda ilipoanza kutumia toleo la saba la sheria zake tarehe 1 Julai 2024, namba za sura zilibadilika.

Majedwali ya ada ndiyo yanayokula muda, na yastahili. Visanduku visiunganishwe. Kipimo, kiwe kwa siku, kwa mwaka, kwa gunia au kwa trela, kirudiwe katika kila mstari; alama za “kama juu” hupotea simu inapovunja jedwali. Programu zinazosoma picha za maandishi huchanganya 3 na 8, 1 na 7, mkato na nukta. Dawa ni watu wawili: mmoja asome gazeti kwa sauti, mwingine afuate kwenye skrini, kisha warudie wakianzia mstari wa mwisho.

Kwa hukumu, namba za aya zihifadhiwe, kwani mawakili huzinukuu. Jina la mtoto lifupishwe kwa herufi za mwanzo, na jina la shule au la kijiji linaloweza kumtambulisha liondolewe. Maoni ya wahariri yaliyojificha ndani ya faili nayo yafutwe.

Muhtasari wa Kiswahili ni huduma njema, ila ukae kwenye hati yake, uwekewe alama ya lugha, na useme wazi kwamba si sheria yenyewe.

Kabla ya kuchapisha, faili lifunguliwe kwa simu ya bei nafuu hapo Malaba, ambako simu huweza kunasa mtandao wa Uganda na kumaliza bando. Likichelewa kufunguka, picha za mihuri zitolewe, na nakala kamili ya gazeti iwekwe kando kama kiungo.