Namba 7 na herufi '7' si kitu kimoja

Somo la wiki hii ni la kompyuta, ila tutalisoma kwa Kiswahili. Wazazi, kaeni karibu na watoto. Hesabu yake ni ya kujumlisha na kugawanya tu.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Ndiyo maana mwaka 1963, huko Marekani, ulitolewa utaratibu uitwao ASCII, ambao huipa kila herufi namba yake. A kubwa ni 65, B ni 66, mpaka Z ambayo ni 90. Tarakimu nazo zina namba zake: '0' ni 48, '1' ni 49, na '7' ni 55.

Sasa, katika lugha ya C, una namba 7 na unataka kuipata kama herufi. Usiipeleke ilivyo, kwa sababu 7 katika ASCII ni amri ya kupiga kengele! Ongeza '0', yaani 48:

int namba = 7;
char herufi = namba + '0';
printf("%c", herufi);

7 + 48 = 55, na 55 ndiyo '7'.

Angalieni sana: njia hii ni ya 0 hadi 9 peke yake. Ukiijaribu kwa 12 utapata 60, ambayo ni alama <, na kompyuta haitakuambia kwamba umekosea. Ivunje kwanza: 12 / 10 ni 1, na 12 % 10, yaani baki, ni 2. Kisha ongeza '0' kwa kila moja.

Je, Kiswahili chetu kimo? Kwa herufi za Kilatini, kimo chote. Hata ritifaa ya ng'ombe ina namba yake, 39. Lakini tenzi na barua za wazee wetu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazimo, maana ASCII ina nafasi 128 tu. Hizo zinahitaji orodha kubwa zaidi, kama Unicode.

Kazi ya nyumbani

1. Neno gani hili: 66 65 66 85?
2. Andika jina lako kwa namba, kwa herufi kubwa.
3. Andika programu inayoivunja 35 ikatoa '3' na '5'.
4. Mweleze mzazi wako, kwa Kiswahili, kwa nini tunaongeza 48.