Hita ya gesi ikiandika E1

*Hita yetu ya maji ya gesi hapa Nyegezi, Mwanza, inaandika E1 na haiwaki. Tuko salama? – Mama Wawili*

Wasiwasi wa Mama Wawili unaeleweka. Kwa hita nyingi, E1 humaanisha moto haukuwaka, hivyo mashine imejizima yenyewe. Kijitabu chake kitathibitisha. Mara nyingi gesi imeisha au betri zimechoka. Abadilishe kilichoisha, ajaribu tena mara moja tu. Ikigoma, afunge mtungi, amwite fundi. Kifuniko asikifungue.

Pakinuka gesi, asiguse swichi yoyote. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Afungue milango, atoe watu, apige 114 ya Zimamoto akiwa nje.

Anayeoga akiumwa kichwa, atoke upesi: huenda ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje haifai kufungwa bafuni.