Mali Bila Daftari: Jinsi ya Kutunza Mahindi ya Nyumba Mpaka Mavuno Mengine



Katika somo la mwezi huu tutasema habari za ghala, na hasa ghala la mahindi, kwa kuwa katika nyumba nyingi za Kenya ghala hilo ndilo tumbo la nyumba. Watu wengi hujua kulima vizuri. Hutayarisha shamba mapema, hupanda kwa mstari, hupalilia na kuweka mbolea. Lakini mahindi yakisha kuingia nyumbani, kazi yote huachwa hapo, kama kwamba mahindi yaliyo ghalani yanaweza kujitunza yenyewe. Hayawezi. Yana adui wanne: maji, wadudu, panya, na mwenye nyumba asiyejua hesabu. Huyu wa nne ndiye mbaya kuliko wote, basi tuanze naye.

Nataka kukuambia jambo ambalo si la kujisifu. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika magunia ya watu. Mwaka mmoja tulivuna gunia 16, nami nikaona ni utajiri. Mwezi wa Januari karo ilikuja, nikauza. Mgeni alikuja, nikampa debe. Ndugu yangu alikuwa na harusi, nikapeleka gunia 2. Sikuandika lolote. Mwezi wa Juni mke wangu aliniita ghalani, akanionyesha gunia moja lililobaki, tena halikujaa. Akaniuliza, "Baba watoto, yale mengine yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Niliyeandika magunia ya kata nzima sikuweza kuhesabu ya nyumba yangu. Tukanunua kwa gorogoro mpaka mavuno, na watoto wakaenda shule asubuhi nyingi bila uji. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

1. JUA HESABU YA TUMBO LA NYUMBA YAKO

Kwanza, usikisie. Pima. Kwa muda wa siku 7, kila mara mahindi yanapotolewa ghalani kwa kusagwa au kwa kupikwa githeri, yapimwe kwa gorogoro na yaandikwe. Mwisho wa juma gawanya kwa 7, nawe utajua nyumba hutumia kiasi gani kwa siku. Pima katika juma la kawaida, lisilo na sherehe.

Kumbuka vipimo hivi. Gunia la kilo 90 ni madebe 5, na kila debe ni kadiri ya kilo 18. Gunia hilo hilo ni kadiri ya gorogoro 40.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba ya watu 6 hutumia gorogoro 1 kwa siku. Kwa siku 365 itatumia gorogoro 365. Gawanya kwa 40: ni gunia 9 na gorogoro 5. Hicho ndicho chakula cha mwaka, nacho hakiuzwi kwa sababu yoyote.

Hesabu siku za kutoka mavuno haya mpaka mavuno yanayofuata ambayo unaweza kuyategemea. Mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu huvuna mara moja kwa mwaka, basi ahesabu mwaka mzima. Mkulima wa Ukambani hupata mvua mara mbili, lakini ajua kwamba mvua ya Oktoba mpaka Desemba ndiyo ya kutegemewa zaidi. Huyu naye yafaa ahesabu mwaka mzima, na mavuno ya mvua ndefu yakija ayashukuru kama nyongeza.

2. GAWANYA KABLA YA KUUZA

Siku mahindi yanapoingia ghalani, mume na mke wakae pamoja na daftari. Si vema mmoja afanye hesabu hii peke yake, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye ajuaye kinachopikwa na baba ndiye ajuaye madeni. Mgawanyo wa gunia 16 waweza kuwa hivi:

Chakula cha mwaka: gunia 9 na gorogoro 5.
Wageni, harusi na matanga: gunia 1.
Akiba ya taabu, kama mvua ikichelewa: gunia 1.
Ya kuuza: gunia 4 na gorogoro 35.

Ukitazama fungu la akiba, utaona gunia 1 ni siku 40 kwa nyumba hii. Mvua ikichelewa mwezi mmoja, nyumba haitatikisika.

Katika fungu la kuuza, toa kwanza fedha za mbegu na mbolea, uziweke mbali. Ikiwa ulipanda mbegu ya chotara ya kununuliwa, usitoe mbegu ya mwaka ujao katika ghala, kwa maana mazao yake hupungua ukiipanda mara ya pili. Na mbegu iliyobaki katika pakiti, iliyotiwa dawa na rangi, isipikwe kamwe, wala isipewe kuku.

Labda utasema, "Karo haingojei." Ni kweli. Lakini tazama hesabu. Tuseme unauza gunia 3 za chakula wakati wa mavuno kwa shilingi 3,000 kila moja. Umepata shilingi 9,000. Mwezi wa Juni chakula kimekwisha, wanunua dukani gorogoro kwa shilingi 130. Gunia 3 ni gorogoro 120, nazo ni shilingi 15,600. Umepoteza shilingi 6,600, tena kwa mahindi uliyolima mwenyewe. Tena mwenye duka wengine hutumia gorogoro iliyobonyezwa chini, ambayo haijai sawasawa. Ni afadhali kuuza mbuzi au kuku, au kwenda kwa mwalimu mkuu mapema na kupatana naye kulipa kidogo kidogo, kuliko kuuza ugali wa watoto.

3. KAUSHA KWA KWELI

Adui wa pili ni maji. Mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutia sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii si hadithi ya kutishia watu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 walijulikana kuugua kwa sababu yake, na 125 walikufa. Mahindi mengi waliyokula yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka. Kupika hakuondoi sumu hii, wala kuosha, wala kusaga.

Fanya hivi. Vuna mahindi yakisha komaa, wala usiyarundike chini shambani. Tenga magunzi yenye ukungu, yaliyovunjika na yaliyoliwa na wadudu. Hayo mabovu usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita katika maziwa na kuwafikia watoto. Yafukie.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Yatandaze yasizidi unene wa vidole viwili au vitatu, na uyageuze mara nyingi mchana. Jioni, au wingu likitanda, yakusanye na kuyafunika.

Sasa, utajuaje kwamba yamekauka? Wengine huuma punje kwa meno. Njia hiyo huweza kudanganya. Tumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka robo ya chupa, kisha tia kijiko kimoja au viwili cha chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri kwa dakika moja au zaidi, halafu iache itulie kwa robo saa. Ikiwa chumvi imegandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Ikiwa chumvi yote imeanguka chini na kioo ni kikavu, maji yamepungua chini ya asilimia 15. Hata hivyo anika siku moja au mbili zaidi, kwa kuwa kipimo kizuri cha kuweka, ambacho Bodi ya Nafaka na Mazao nayo hukitaka, ni asilimia 13.5. Ikiwa ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe ina kipimo cha maji ya nafaka, peleka mfano wa mahindi wapimiwe.

Yakikauka, yaache yapoe kabla ya kuyatia guniani. Mahindi yenye joto la jua hutoa jasho ndani ya gunia.

4. WADUDU NA PANYA

Adui wa tatu ni wadudu. Fukusi wajulikana tangu zamani. Lakini yuko mwingine mkali zaidi, mdudu mdogo wa rangi ya kahawia nyeusi aitwaye dumuzi, na watu wengine wa Kenya humwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati, naye alionekana katika Kenya miaka ya 1980, akiingia kwa upande wa Taveta. Hutoboa mahindi, muhogo mkavu, na hata mbao za ghala, na kuacha unga mtupu. Ukiona unga mwingi chini ya magunia, usingoje kesho.

Kabla ya kutia mahindi mapya, fagia ghala lote, choma takataka, ziba nyufa. Magunia ya zamani yachemshwe na kuanikwa. Usichanganye mahindi ya mwaka jana na ya mwaka huu, kwa maana huko ni kuwapelekea wadudu karamu.

Njia nzuri ni mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko mmoja una mifuko miwili ya plastiki ndani, na gunia la nje. Wadudu waliofungiwa humaliza hewa iliyomo, kisha hufa, wala hakuna dawa itakayotiwa. Lakini mfuko huo wataka mambo matatu. Mahindi yawe makavu kabisa, la sivyo yataoza humo ndani. Hewa yote ikamuliwe, na kila mfuko ufungwe peke yake kwa kusokotwa na kukazwa kwa kamba. Tena usifunguliwe ovyo. Kwa hiyo mahindi ya miezi ya kwanza yaweke katika magunia ya kawaida, na yale ya Aprili mpaka mavuno yaweke katika mifuko hii. Ukiufungua mmoja, umalize kabla ya kufungua mwingine. Mfuko usio na tundu waweza kutumika tena mwaka ujao.

Ikiwa watumia dawa ya unga, nunua ile iliyoandikwa kuwa ni ya nafaka ya kuliwa, usome maandishi ya pakiti, ufuate kipimo chake na siku za kungoja kabla ya kula. Usitumie dawa ya ng'ombe wala ya mboga. Watu wameuawa na ujinga huo.

Adui wa mwisho ni panya. Ghala liinuliwe juu ya miguu kadiri ya mita 1, na kila mguu uvikwe bati lililokunjwa kama mwavuli uelekeao chini, ili panya asipande. Kata matawi yaliyo karibu, kwa kuwa panya huruka. Kama magunia yako ndani ya nyumba, yaweke juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, mpate kupita na kuangalia nyuma yake.

5. DAFTARI LA GHALA

Nunua daftari la shule na kalamu, uzifunge kwa uzi kwenye mlango wa ghala, kalamu isije ikatembea. Piga mistari upate sehemu nne: tarehe, yaliyotoka, kazi yake, na yaliyobaki. Andika hivi:

Desemba 1: yameingia gunia 16.
Desemba 3: yametoka gunia 4, ya kuuza. Yamebaki gunia 12.
Desemba 8: yametoka gorogoro 7, ya kusaga. Yamebaki gunia 11 na gorogoro 33.

Kazi hii haichukui dakika 2. Mpe mtoto wa darasa la 5 au la 6 kazi ya kuandika. Atajifunza hesabu, naye hatampendelea baba wala mama. Kila mwisho wa mwezi hesabuni magunia yenyewe, mlinganishe na daftari. Kama haviafikiani, ama yuko panya wa miguu minne, ama yuko panya wa miguu miwili.

Ukiona katikati ya mwaka kwamba chakula kinakwisha upesi kuliko siku zilizobaki, bado una nafasi. Changanya na maharagwe, viazi vitamu na muhogo, au nunua gunia zima mwezi wa Machi, kabla bei haijapanda sana. Mtu asiye na daftari hugundua jambo hili siku debe linapokwaruza chini ya gunia.

Katika nyumba yangu daftari lipo mlangoni mpaka leo. Mke wangu ndiye mwenye ufunguo, nami nikitaka debe la mgeni, naandika kama wengine. Mwanzoni niliona haya. Sasa Juni huja na kupita, na uji wapikwa kila asubuhi.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Nyumba hutumia gorogoro 1 na nusu kwa siku, na mavuno mengine ni baada ya siku 240. Yafaa waweke gunia ngapi za chakula?
2. Kwa nini mahindi yaliyopita kipimo cha chumvi yafaa yaanikwe tena kabla ya kutiwa katika mfuko usiopitisha hewa?
3. Jirani yako anataka kumpa ng'ombe wake wa maziwa mahindi yenye ukungu. Utamwambia nini?
4. Leo katika ghala lako kuna magunia mangapi? Nenda ukahesabu kabla ya kulala.

Jibu la swali la kwanza ni gunia 9. Jibu la swali la nne unalo wewe mwenyewe.