Ngano, Mboga na Mabuu: Chakula cha Safari ya Mbali

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya uji wa watoto, maji ya kuchemsha na chandarua. Mwezi huu tutazame jambo linaloonekana kuwa mbali nasi kabisa: chakula cha watu watakaosafiri kwenda kuishi mwezini au kwenye sayari ya Mirihi. Msishangae mkiona kwamba tunaishia jikoni.

Shida yenyewe ni hii. Kwenda Mirihi ni safari ya miezi sita hadi tisa, na kurudi ni vivyo hivyo. Tena ukifika huwezi kugeuza siku hiyohiyo, bali ni lazima kungoja mpaka sayari hiyo na dunia yetu zikae mahali pazuri. Safari nzima inakadiriwa kuchukua karibu miaka mitatu. Wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia kwa urefu wa kilometa 400 hivi, hupelekewa chakula kutoka huku chini. Hao wa Mirihi nani atawapelekea? Chakula cha pakiti nacho, hata kikifungwa vizuri namna gani, hupoteza vitamini polepole, hasa vitamini C na vitamini B1.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 kijibustani kilipelekwa katika kituo hicho, na mwezi wa Agosti 2015 wanaanga walikula majani ya saladi waliyoyaotesha wenyewe huko juu. Ni jambo la kupongezwa, lakini saladi haimshibishi mtu mzima. Walioonja kazi yenyewe hasa, yaani kula kutoka shamba lao kwa mwaka mzima wakiwa wamefungiwa, walikuwa wanafunzi, tena hapahapa duniani.

WANAFUNZI WALIOJIFUNGIA

Katika Chuo Kikuu cha Beihang mjini Beijing, nchini China, Profesa Liu Hong na wenzake walijenga nyumba isiyopitisha hewa, wakaiita Yuegong-1, yaani Jumba la Mwezini. Ina sehemu ya kuishi yenye meta za mraba 42 tu, na vyumba viwili vya mimea vinavyomulikwa kwa taa badala ya jua. Mwaka 2014 watu watatu walikaa humo siku 105. Kisha tarehe 10 Mei 2017 wakaingia wanafunzi wanne wa shahada za juu, wanaume wawili na wanawake wawili. Baada ya siku 60 wakapokewa na wenzao wanne, nao wakakaa siku 200. Halafu wale wa kwanza wakarudi kumalizia siku 110. Mlango ulipofunguliwa tarehe 15 Mei 2018, zilikuwa zimetimia siku 370.

Humo ndani hakuna kilichoitwa takataka. Hewa waliyoitoa watu puani ilitumiwa na mimea, na mimea ikawarudishia oksijeni. Mkojo ulisafishwa, na maji yake pamoja na naitrojeni yakarudi kwenye mimea. Kinyesi kilichachishwa pamoja na mabua. Wanafunzi walilima ngano, soya, karoti, mboga za majani, stroberi, hata aina mojawapo ya ndago yenye vijinundu vya mafuta. Ndiyo, ndago! Jamii ya gugu lile tunalolilaani kila msimu wa palizi. Watafiti walieleza kwamba zaidi ya asilimia 98 ya vitu vilivyohitajika viliweza kuzungushwa na kutumika tena.

KWA NINI MABUU?

Tukumbuke makundi matatu ya chakula tuliyofundishwa kliniki: vyakula vya kutia nguvu, vya kulinda mwili na vya kujenga mwili. Ngano iliwatia nguvu. Karoti na mboga ziliwalinda. Kwa kuujenga mwili walikuwa na soya, lakini hawakuridhika na soya peke yake, na hapa ndipo mabuu walipoingia.

Fikiri juu ya mmea wa ngano. Ukishapura, punje unayopata ni sehemu ndogo tu ya kile ulichokimwagilia maji miezi yote hiyo. Bua na mizizi hubaki, na tumbo la mtu haliwezi kuvimeng'enya. Huku kwetu tungempa ng'ombe, lakini ng'ombe wa kupeleka mwezini hayupo. Warusi walikutana na tatizo hilohilo zamani. Huko Krasnoyarsk, Siberia, watu watatu walikaa siku 180 katika nyumba ya majaribio iliyoitwa BIOS-3, kuanzia mwaka 1972. Ngano na mboga walijilimia. Nyama iliwabidi kuingiziwa kutoka nje, ikiwa imekaushwa.

Wachina walichagua mabuu wa manjano wa yule dundu mdogo mweusi anayeharibu unga ghalani. Waliwalisha mabua na majani makuukuu ya mboga yasiyofaa kwa mezani. Buu hula kile ambacho mtu hawezi kula, na yeye mwenyewe huliwa. Hahitaji nafasi kubwa wala maji ya kunywa kwenye ndoo. Hatumii chakula kupasha mwili wake joto, kama wanavyofanya kuku na ng'ombe, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya anachokula huwa mwili. Tena hatupwi sana. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya wadudu wanaoliwa, lilieleza kwamba nyenje huliwa karibu asilimia 80 ya mwili wake, wakati ng'ombe huliwa kama asilimia 40 tu.

Je, wana lishe? Gramu 100 za mabuu hao wabichi zina karibu gramu 20 za protini, sawasawa na nyama ya ng'ombe. Protini ya ngano ina upungufu wa kitu kiitwacho laisini, ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na ambacho wadudu wanacho. Mahindi yetu yana upungufu huohuo. Mama anayemwachisha mtoto ziwa na kumpa uji mtupu wa mahindi asubuhi na jioni, anampa chakula cha kutia nguvu bila cha kujenga. Maharage, karanga, dagaa au yai vikiingia katika uji au ugali ule, pengo huzibwa. Senene nao huliziba.

SENENE NA KUMBIKUMBI

Wazungu wengi waliposikia habari za Jumba la Mwezini walikunja uso. Hata hivyo Umoja wa Ulaya wenyewe uliwaruhusu mabuu hao waliokaushwa kuuzwa kama chakula cha watu mwaka 2021. Wahaya wa Bukoba na Waganda wa Masaka hawana haja ya kushawishiwa, wala ndugu zetu wa Kongo wanaokula viwavi, wala Waluhya wanaongojea kumbikumbi wakati wa mvua. Na Yohane Mbatizaji alikula nzige. Kwa maoni yangu kijana anayeficha sahani ya senene mgeni wa mjini anapoingia anajionea haya bure. Na nyumba ambayo haili wadudu isijilaumu, maana kuku wa kienyeji anayechakura mchwa uani hufanya kazi ileile ya buu, akageuza tusichokula kuwa mayai.

Lakini mabuu wa Beijing walikuwa na sifa moja ambayo wadudu wetu hawana daima: wanafunzi walijua kila kitu walichokula. Sisi tunaokota mdudu asiyejulikana alikolala jana. Hapa nawaomba wazazi wasome polepole.

Mdudu aliyeokotwa kwenye pamba, kahawa au mboga zilizopigwa dawa si chakula. Nzige wa jangwani walipovamia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na mwaka 2020, sehemu nyingi zilinyunyizwa sumu. Nzige anayekufa au kuyumbayumba kwa dawa asiokotwe, hata kumpa kuku. Dawa haiondoki kwa kukaanga.

Ondoeni mabawa na miguu ya senene na nzige. Miguu yenye miiba ikiliwa kwa wingi huweza kuziba utumbo, na mtoto ndiye huumia zaidi. Osheni, chemsheni, kisha kaangeni mpaka wakauke.

Jambo la hatari kuliko yote ni mfuko wa plastiki. Mwaka 1980 jarida moja la madaktari la Uingereza lilieleza habari za watu nchini Kenya waliokula kumbikumbi waliokuwa wamehifadhiwa katika mfuko wa plastiki, wakapatwa na sumu iitwayo botulini, na wengine wakafa. Kijidudu kinachotoa sumu hiyo hustawi mahali pasipo na hewa. Sumu yake hulegeza misuli: kope huanguka, ulimi huwa mzito, kumeza hushindikana, mwishowe pumzi hukatika. Kwa hiyo kumbikumbi wabichi wasifungiwe siku kadhaa. Wapikwe siku ileile, au waanikwe juani wakauke kabisa na kuwekwa mahali pakavu wasiote ukungu. Mtu akionyesha dalili hizo baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja, na chakula kilichobaki kipelekwe pamoja naye.

Mwisho, yeyote ambaye mwili wake hukataa kamba au kaa wa baharini, akavimba midomo au kuwashwa mwili mzima, asile wadudu, kwani ni jamii zinazokaribiana. Mtoto anayeonja senene kwa mara ya kwanza apewe mmoja tu, na mama amwangalie hadi jioni.