Somo la Maji: Nani Hulinda Kisima cha Mtaa Wako?

Mgao wa maji unapozidi, wakaazi wengi wa Jericho, Maringo, Mbotela na Viwandani hununua maji kwa mitungi. Ukimuuliza muuzaji yametoka wapi, mara nyingi hujibu, "Ni ya kisima." Jibu hilo halitoshi. Somo la leo linaeleza sababu, na ni nani mwenye jukumu la kulinda maji yaliyo chini ya mitaa yetu.

Maji ya kisima yana nini?

Maji ya mfereji hutoka mbali, hasa bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a. Maji ya visima virefu hutoka kwenye miamba ya volkeno iliyo chini ya jiji, na miamba hiyo hutoa floraidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima vingi vya Nairobi hupita hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo kila siku kabla ya kufikia miaka 8, meno yake ya kudumu yanaweza kuota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.

Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki kwenye sufuria.

Nani ana mamlaka?

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kibali cha kuchimba kisima kirefu hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti huduma za maji na maji taka, pamoja na mipango ya matumizi ya ardhi.

Je, mipango ya ardhi inaweza kulinda maji? Tazama mji mdogo wa Dryden, jimbo la New York, Marekani. Kampuni za gesi zilitaka kupasua miamba kwa kusukuma maji, mchanga na kemikali ardhini. Wakaazi walihofia maji yao ya kunywa. Udhibiti wa uchimbaji wa gesi ulikuwa mikononi mwa jimbo, si mji. Wakaazi walikusanya saini, na mwaka wa 2011 baraza la mji likapiga marufuku kazi hiyo kwa kutumia sheria yake ya matumizi ya ardhi. Mji ulishtakiwa, lakini mwezi wa Juni 2014 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliupa ushindi.

Makadara haina visima vya gesi. Hata hivyo funzo ni letu: serikali ya mashinani isiyotoa kibali cha kuchimba bado ina sauti kuhusu matumizi ya ardhi.

Wewe ufanye nini?

1. Muulize mwenye kisima akuonyeshe kibali na matokeo ya maabara, hasa kiwango cha floraidi.
2. Maji ya mfereji yakipatikana, yahifadhi kwa ajili ya watoto kunywa. Ya kisima yatumie kufulia na kuosha.
3. Hudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma katika wadi yako mipango ya ardhi na bajeti inapojadiliwa.
4. Fahamu Kifungu cha 70 cha Katiba: mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara.

Tusingoje meno ya watoto yatupe majibu ya maabara.